Vyoo vya Nyuma ya Kanisa

4 Februari

Kaka,

Nimefika salama. Chuo ni kikubwa na kimetulia. Chumba changu kina meza, kitanda na dirisha linalotazama ukuta. Mimi ni mzima, sina neno. Kinachonisumbua ni simu tu. Kuta za hapa ni nene, mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Kwa hiyo usihangaike kupiga, niandikie. Sanduku la posta nimeliandika nyuma ya bahasha.

Nina ombi moja na najua utakunja uso. Kile kitabu chetu, Kanisa kwa Ajili ya Mji, kimekamilika. Kurasa arobaini. Mimi na Katibu wa kanisa tumekihangaikia mwaka mzima, unajua mwenyewe. Kinaeleza jinsi kanisa letu litakavyoutumikia mji huu mpaka uwe mpya: jumba la ghorofa tatu kwenye uwanja wa nyuma, ukumbi wa vijana, maktaba, hata studio ya redio. Wazee wa kanisa wanaanza kukijadili mwezi huu, nami sipo. Nataka mtu wangu ndani ya chumba kile. Isitoshe, wanahitaji fundi bomba wa kuwaonyesha maji yataingilia wapi na uchafu utatokea wapi. Nenda wewe.

Najua hujakaa kwenye benchi la kanisa tangu tumzike mama. Basi nenda kama fundi. Hakuna atakayekuuliza mstari wa Biblia.

Mdogo wako,
Mchungaji

20 Februari

Kasuku,

Wengine wakuite Mchungaji. Mimi niliyekusikiliza ukiongea tangu alfajiri mpaka unasinzia na tonge mdomoni, nitakuita jina tulilokupa nyumbani.

Nimekwenda. Nilivaa shati la kola, shemeji yako akacheka mpaka akakaa chini. Katibu alisoma kurasa kumi na mbili bila kumeza mate. Mwalimu mkuu akistaafu haachi ualimu, anahama darasa tu. Lakini anasoma vizuri, sikatai, na wazee wote kumi na sita walikuwa wakitikisa vichwa. Shida ni kwamba mimi nilibanwa. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili.

"Fundi ana swali?" Katibu akauliza.

"Choo kiko wapi?"

Kumbe vile vyoo vinne vya nyuma vinafungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi, na ufunguo uko kwenye mtoto wa meza ya Katibu. Alinisindikiza mwenyewe, akanisubiri nje, akafunga tena. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Fundi, soko liko hatua mia kutoka hapa. Tukiacha wazi siku moja, hatutakuwa na kanisa tena, tutakuwa na choo cha soko."

Siku ile nilicheka. Kesho yake nikaitwa sokoni kubadilisha koki. Nikamwomba maji ya kunywa Mama Vitunguu, yule wa meza ya kona. Hana. Yeye mwenyewe hanywi. "Nikinywa nitakwenda wapi?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye mjinga. Choo cha soko kilibomoka miaka sita iliyopita, na waliokuja kukitazama walizungushia shimo mabati, wakaondoka. Wanawake mia tatu, Kasuku, wanakaa juani tangu kunakucha mpaka jua linazama na koo kavu. Nimemuuliza Mama Nesi wa kwaya yenu. Amesema katika miaka yake ya zahanati, nusu ya wanawake waliomjia na maradhi ya njia ya mkojo walitoka pale. Wajawazito wamo.

Nataka kulisema hili mbele ya wazee. Kanisa ni lako, nakuomba ruhusa.

Halafu jambo jingine. Nimekupigia mara tatu, hupokei. Ya nne ikapokelewa. Nikasema haloo, haloo, mpaka jirani akatoka nje kuniangalia. Nasikia mtu anapumua tu. Ndiyo huo mtandao wako?

Kaka yako,
Fundi

9 Machi

Kaka,

Mimi ni mzima. Siku ile nilikuwa darasani, simu ikajibonyeza mfukoni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Uliyoyasema ni kweli na yanauma. Lakini naomba uvute subira. Huduma za usafi zimo kitabuni, ukurasa wa thelathini na tatu, awamu ya tatu, baada ya jumba kusimama. Tukianza na vyoo, mji utatujua kwa vyoo. Watu wanahitaji kwanza kuona kitu cha kuwafanya wainue macho. Na Katibu si mtu wa kusukumwa. Amekipenda kitabu kile kama mtoto wa uzeeni.

Nisubiri. Nikirudi nitalisema mwenyewe mimbarini, na unajua nikisema mimi watu husikia. Kwa sasa usimkwaze mtu.

Mdogo wako,
Mchungaji

2 Aprili

Kasuku,

Hapa kwema kabisa. Sijamkwaza mtu. Kikao cha mwezi uliopita kilikwenda vizuri kuliko nilivyotazamia, Katibu mwenyewe alinimiminia chai.

Nina kibarua kidogo nyuma ya kanisa, marekebisho ya hapa na pale, si jambo la kukutoa kwenye vitabu vyako.

Swali la kijinga: ukurasa wa kumi na saba umeandikwa, "Malango ya kanisa yatakuwa wazi kwa mji wote, mchana kutwa." Maneno hayo ni yako au ya Katibu? Nauliza tu.

Mbona mwandiko wako umekuwa mwembamba? Unakula huko?

Kaka yako,
Fundi

25 Aprili

Mchungaji wetu mpendwa,

Bwana asifiwe. Ni mimi Mama Nesi. Anwani yako nimeipata kwa Fundi, naye alinipa shingo upande, sijui kwa nini.

Kwanza nikushukuru kwa ruhusa yako. Fundi aliposimama mbele ya wazee mwezi wa tatu akasema, "Ndugu yangu ameridhia vyoo vifunguliwe kwa watu wa soko," hata Katibu aliinamisha kichwa akatoa ufunguo. Tangu tarehe mosi Aprili tumefungua kila siku, saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Sisi wa kwaya tunasafisha kwa zamu na wanawake wa soko. Siku ya tatu nilimwona Mama Vitunguu ameweka chupa ya maji mezani pake, juu kabisa, watu waione. Nilitamani ungekuwepo.

Sasa habari mbaya. Jumamosi iliyopita kulikuwa na harusi. Watu wakiwa wameketi uani, chemba ya maji taka ikafumuka. Uchafu ulipita chini ya viti vya wageni, na bibi harusi akabebwa juu juu na kaka zake mpaka kwenye gari. Katibu alingoja wageni waondoke, akafunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni.

Jumatatu wanawake wa soko walikuja na ndoo zao za kusafishia. Hawakupiga kelele, Mchungaji. Walilitazama lile kufuli kidogo, wakageuka wakarudi. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Walirudi kama watu waliojua tangu mwanzo kwamba haitadumu.

Wazee watakutana tarehe kumi Mei kuamua kama vyoo vitafunguliwa tena au vitafungwa moja kwa moja. Wamegawanyika nusu kwa nusu. Jambo moja tu ndilo wanalokubaliana: tumsikie Mchungaji. Siku hiyo tutaweka simu katikati ya meza, tutaongeza sauti, nawe useme dakika tano tu. Kila mtu anaijua sauti yako, na akiisikia atatulia. Tafadhali usitukose.

Wako katika Bwana,
Mama Nesi

2 Mei

Kaka,

Umewaambia wazee kumi na sita kwamba niliridhia. Sikuridhia. Nilikuandikia usubiri, ukaenda ukasema kwa kinywa changu. Niliposoma barua ya Mama Nesi nilikasirika nikatupa kikombe. Kwa bahati kilikuwa cha bati. Kikabingirika chini ya vitanda vinne, wenzangu wote wakageuka kunitazama.

Ndiyo, vitanda vinne. Siko chuoni, Kaka. Niko hospitali.

Nilikuwa na uvimbe kooni. Askofu peke yake ndiye aliyejua. Walinipasua tarehe kumi na moja Februari, wakautoa wote, na madaktari wanafurahi. Sauti nayo ikaenda na uvimbe. Simu yako ile niliipokea kwa makusudi kwa sababu nilitaka kukusikia. Nilifungua mdomo nikujibu, ikatoka pumzi. Kwa hiyo nami nimekudanganya, tena kwa muda mrefu kuliko wewe. Sina pa kusimama nikakukemea.

Nikueleze jambo moja. Wiki za mwanzo sikuweza kuinuka, wala kumwita mtu. Kuna mama mmoja anayesafisha wodi yetu. Akipita ananitazama usoni mara moja tu, anakwenda kuleta chombo, anavuta pazia, kisha ananipa mgongo anafuta dirisha mpaka nimalize. Hajawahi kuniuliza mimi ni nani. Hajawahi kunifanya niombe. Nimehubiri miaka kumi na tisa, Kaka, na sijui kama nimewahi kumtendea mtu jambo kubwa kama lile. Nikawakumbuka wanawake wako wa soko. Nikakumbuka kwamba nilikujibu "awamu ya tatu." Nilijifunika shuka usoni.

Simu ya tarehe kumi haiwezekani, sasa unajua sababu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya wazee. Isome wewe mbele yao. Kinywa kitakuwa chako, lakini safari hii maneno yawe yangu. Usiruke hata moja.

Mdogo wako

12 Mei

Mdogo wangu,

Leo silitaji lile jina. Kila barua ulikuwa ukiandika "mimi ni mzima," nami kila barua nakuita Kasuku. Nilikaa kwenye ngazi za posta na karatasi yako mkononi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nilitaka kupanda basi saa ileile. Shemeji yako akanishika mkono akasema, "Kwanza kafanye alichokutuma."

Nimekifanya. Nilisimama, mimi ambaye sijawahi kusoma kitu mbele za watu isipokuwa mita ya maji. Nilipofika ulipoandika, "Kaka yangu aliwaambia uongo, sikumruhusu," nililisoma vilevile, kwa sauti, macho thelathini na mawili yakinitazama. Sikuruka. Nilipofika ulipoandika, "Na mimi niliwaambia uongo: siko chuoni, niko hospitali, na sauti sina," Katibu alivua miwani. Mama Nesi, aliyekuja kutetea vyoo vyake, alishika koo lake mwenyewe. Mwisho nikasoma: "Nilipokuwa na sauti niliandika kurasa arobaini juu ya mji huu, na sikumuuliza mtu hata mmoja sokoni anahitaji nini. Fungueni vyoo. Jumba litasubiri."

Nilipokunja karatasi nikaona siwezi kukaa kabla ya kusema langu. Yale mafuriko ya harusini yalikuwa kosa langu. Chemba ile niliifungua mwezi wa tatu nikakuta mizizi imejaa ndani kama nywele kwenye chanuo. Nilijua bomba la zamani halitawabeba watu wote wale. Nikaogopa nikisema wazee wataahirisha, nikafunika. Fundi anayefunika kitu kama kile hastahili kuitwa fundi, na niliwaambia hivyo.

Nilidhani watanifukuza. Katibu akasimama. Akasema, "Kitabu hiki nilikipiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili. Ukurasa wa kumi na saba ni wangu, Mchungaji hakuongeza hata nukta. Niliupenda sana. Sikufikiri kama ingefika siku ya kuutimiza." Akaweka ufunguo mezani. Hakutabasamu, hakunitazama, akaketi.

Kura zikawa kumi na moja kwa tano. Mmoja wa wale watano ametangaza kwamba yeye na jamaa yake watatafuta kanisa jingine, na nadhani kweli watahama. Imeniuma, mzee mwenyewe si mtu mbaya.

Jana tumeanza kuchimba mtaro wa bomba jipya, hatua themanini mpaka barabarani. Mama Vitunguu alikuja na wenzake sita, kila mmoja na jembe lake. Mumewe alikuja pia, mgonjwa mgonjwa, akakaa kivulini akitutania kwamba tunachimba kama watu waliolipwa kulala. Katibu ndiye anayeshika futi ya kupimia. Nilipaka rangi kibao, "Vyoo Viko Wazi." Akanirudisha nikaongeze "Karibuni."

Jumamosi nakuja. Usiniandikie nisije, barua haitaniwahi.

Kaka yako

3 Juni

Kaka,

Asante kwa zile siku mbili. Uliongea kwa niaba yetu wote wawili, na sasa wodi nzima inajua tofauti ya bomba la chuma na bomba la plastiki. Mzee wa kitanda cha tatu anaulizia utarudi lini.

Daktari amenipima jana. Amesema nisijidanganye: nitakachopata ni mnong'ono, wa kusikika hatua mbili, penye utulivu. Basi.

Ninamwandikia askofu anitoe kanisani. Nimefikiri sana na sina uchungu, au uchungu nilionao ni wa kawaida. Kazi ya mchungaji ni kusema. Anabatiza kwa kusema, anafungisha ndoa kwa kusema, anazika kwa kusema. Watu waliniita kwa ajili ya sauti hii, nami nikikuambia ukweli, niliipenda mno. Nilikuwa nikishuka mimbarini najisikia mwenyewe masikioni. Wapewe mtu mwingine, mzima. Mimi nitapata cha kufanya.

Usimwambie mtu bado.

Mdogo wako

21 Juni

Mdogo wangu,

Sijamwambia mtu. Na sitakuambia usimwandikie askofu, maana mambo ya kanisa siyajui. Jumapili iliyopita nilikaa ibada nzima, lakini usianze kushangilia; koki ya nje ilikuwa inavuja na nilisubiri watu watoke nifunge maji.

Bomba jipya linafanya kazi. Vyoo vimekuwa sita. Watu wa manispaa walikuja watatu, wakatembea wakitazama, wakauliza kama tunaweza kuwaelekeza namna ya kufanya hivi pale kituo cha mabasi. Katibu aliwajibu kwamba ana maelezo ya maandishi. Kweli ameanza kuandika. Nimemwomba zisizidi kurasa tatu.

Mume wa Mama Vitunguu amefariki. Leo ni siku ya tisa. Kanisa halikumtupa mjane, nakuhakikishia. Kwaya ilikwenda ikaimba. Wazee watatu walikwenda, kila mmoja akasema neno. Katibu alisoma karibu nusu saa. Mimi mwenyewe nilikwenda, na kwa kuwa sikujua la kusema nilieleza habari za mtaro, jinsi marehemu alivyotucheka.

Jana Mama Vitunguu alikuja kufanya zamu yake ya usafi. Nilimwambia aende nyumbani, tutamfanyia. Akakataa, akasugua vyoo vyote sita. Alipomaliza alinijia akikausha mikono.

"Mchungaji wenu anarudi lini?"

Nikamwambia kweli, ila la askofu sikuligusa. Nikasema, "Mama, hana sauti. Hata akikuombea hutasikia vizuri."

Akafikiri. Akasema, "Ni vizuri. Waliokuja wote wamesema sana. Sina ugomvi nao, walinipenda. Lakini wakisema inabidi niitikie, na mimi nimechoka kuitikia. Nataka mmoja aje akae."

Nilimuuliza kama nikuandikie hivyo. Akasema niandike hivyohivyo, nisiongeze chumvi. Sijaongeza.

Kaka yako

28 Juni

Kaka,

Barua ya askofu nimeiandika mara nne, na zote nne ziko hapa mezani. Sijui nitamwambia nini. Hilo litasubiri.

Daktari ameniruhusu. Nitashuka kituoni Alhamisi saa nane mchana, nina begi moja tu. Mwambie shemeji asipike mapema, maana kabla ya nyumbani nataka tupite kwa Mama Vitunguu. Umtaarifu asihangaike kutafuta viti vya wageni. Tutakaa atakapokaa yeye.

Na wewe nakuomba kitu kimoja. Tukifika pale usianze kumweleza habari za mabomba kwa sababu umeona mimi sisemi. Najua kimya kitakuwasha. Nilijifunza kwa shida, nitakusaidia. Kaa karibu nami, unyamaze nami, mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha.

Mdogo wako